Chumvi Ndani ya Oili

Nimeondoka karakana nikiwa na vidole vyangu vyote, jambo ambalo katika kazi yetu si dogo. Nyinyi mliobaki mmeniomba niandike yale niliyokuwa nikiyasema huku nimeinama ndani ya boti, kwa sababu, kwa maneno yenu, sauti yangu ilikuwa ikimezwa na injini na nyinyi mkipata nusu. Basi hii ndiyo nusu ya pili. Sitasema nani alinipandisha cheo wala nilikuwa nikilipwa nini. Vyeo vyetu mnavijua, na mshahara ni huo huo mnaoulalamikia. Nitasema juu ya oili.

Nilipomaliza kidato cha nne, ami yangu alinipeleka kwa Fundi Mselem, aliyekuwa na karakana Funguni, karibu na bandari ya Malindi. Nilivaa shati jeupe. Nilidhani siku ya kwanza nitaonyeshwa namna injini inavyofunguliwa.

"Umesoma?" akaniuliza.

"Naam, fundi. Fizikia, kemia..."

"Vizuri. Shika karai hili. Fizikia yake ni kwamba lisipinduke."

Likapinduka. Oili nyeusi yote ikaingia chini ya sakafu ya boti, mahali ambapo mkono unafika na jicho halifiki. Fundi Mselem hakugomba. Alinipa vumbi la mbao, sabuni na matambara, akaenda zake kunywa kahawa. Nilisugua mpaka alasiri, na shati lile sikulivaa tena kwenye harusi ya mtu. Aliporudi aliingiza mkono, akapitisha kidole kwenye mbao, akakitazama. "Sasa," akasema, "unajua boti ina chini."

Gari unaweza kuingia chini yake, ukafungua nati, oili ikamwagika kwenye karai. Chini ya boti kuna bahari. Kwa hiyo oili tunaivuta kwa juu, kwa pampu ya mkono, mrija wake umepitishwa kwenye tundu la kijiti cha kupimia. Kabla ya kuvuta, washa injini ipate moto kidogo, kisha izime. Oili iliyopoa ni nzito, huja peke yake na uchafu ikauacha ndani. Oili yenye joto huubeba. Msivute ya moto kabisa, kwani mrija huwa laini na mkono wa fundi haujatengenezwa kwa chuma.

Filta nayo ina adabu zake. Ivalishe mfuko wa plastiki kabla hujaifungua, ili kinachomwagika kiingie mfukoni. Ikishatoka, itazame mdomo wake: mpira wake wa duara umekuja nao, au umebaki umeng'ang'ania kwenye injini? Ukibaki, nawe ukafunga filta mpya juu yake, mipira miwili haikai pamoja, na oili itaruka nje injini ikishika mwendo. Pitisha kidole, usitegemee jicho. Paka mpira mpya oili kidogo, funga kwa mkono, basi. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, pandikizi la mtu, aliyekuwa akikaza filta kwa nguvu zake zote. Kila filta aliyoifunga yeye, kuifungua ilikuwa ni vita, na siku hiyo yeye huwa mgonjwa.

Lakini kazi yenyewe hasa ni kuisoma oili iliyotoka. Watu wengi huimwaga kama maji ya kuoshea vyombo. Fundi Mselem alikuwa akiisoma kama barua ya mtu wa kwao. Nyeusi haina neno, ndiyo kazi yake. Ikinuka dizeli, kuna mahali dizeli inapenya. Ikimetameta ukiishika kwenye jua, kuna chuma kinasagika. Na ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, basi maji yameingia.

Hapo ndipo alipokuwa akiniuliza: "Maji gani?"

Maji ya mvua ni jambo la kifuniko au paa bovu. Unayatoa, unaziba, yamekwisha. Maji ya bahari ni jambo jingine: yanapita ndani ya injini kuipoza, na yakionekana kwenye oili maana yake kuna ukuta umetoboka, na injini inaliwa pole pole huku inaimba vizuri. Ukibadilisha oili tu ukaondoka, umemvisha mgonjwa kanzu safi. Fundi Mselem alikuwa akiiacha oili kwenye chupa mpaka maji yatuame chini, anachovya kidole, anagusa ncha ya ulimi, anatema. Chumvi, au si chumvi. Nilimuuliza kama hakuna kifaa cha kupimia. "Kipo," akasema, "na betri yake haiishi mpaka ufe." Nami nikashika desturi hiyo, manahodha wakinicheka kila nikitoa ulimi.

Fundi Mselem alifariki, Mungu amrehemu, wakati boti za fibaglasi za kutembeza wageni zilipoanza kujaa ufukweni Shangani. Kazi ikawa nyingi. Waliniita Nungwi, waliniita Kizimkazi, nikawa na jina. Sijisifu nikisema nilikuwa fundi mzuri, na mpaka leo ukinipa boti nitakwambia ilivyo. Ila lilikuja jambo ambalo sikuliona lilivyokuja: nikisema neno juu ya injini, hapakuwa na mtu wa kuniuliza mara ya pili. Mimi nikaona hiyo ni heshima.

Sasa nifike kwa Bi Zuwena.

Bi Zuwena ni mpishi wa shughuli, mtu wa Kikwajuni. Nusu ya harusi za mji huu zimekula pilau yake. Kwa pilau hiyo alinunua boti, injini ndani, viti vyenye mito, turubai la kivuli, ya kuwapeleka watu kisiwani Changuu na kwenye mafungu ya mchanga. Nahodha wake alikuwa Ame, mtu wa Makunduchi, mpole, mwenye kusema kidogo na kucheka kidogo zaidi. Injini yao nilikuwa nikiihudumia mimi tangu ilipotoka kwenye sanduku.

Miaka michache nyuma Ramadhani iliangukia masika. Mvua ilinyesha siku juu ya siku, boti zikakaa. Karibu na kwisha kwa mwezi, Bi Zuwena akaniita nibadilishe oili, boti iwe tayari kwa sikukuu, kwa kuwa siku zile watu wa mjini huwapeleka watoto wao kutembea baharini.

"Saumu inakwendaje, fundi?" akaniuliza nilipofika ufukweni.

"Inakwenda, Bi. Mashine yako ndiyo inayotaka futari."

Nikaiwasha, ikapata joto, nikaizima, nikachomoa kijiti. Ame alikuwa nyuma yangu. "Fundi," akasema, "mbona hii imekuwa chai?"

Ilikuwa chai kweli, ya maziwa. Nikashika kifuniko cha kutilia oili. Kikazunguka kwa kidole kimoja, hakikubanwa. Nikatazama juu yake: sanduku la injini lilikuwa na ufa, na maji ya mvua yalikuwa yameacha mstari mpaka pale pale. Kila kitu kilikuwa mbele yangu kimepangwa vizuri.

"Mvua," nikasema, kwa sauti, maana manahodha wengine walikuwa wamesogea kutazama. "Kifuniko hakikubanwa. Ame, wewe kifuniko hubani?"

"Mie hubana, fundi."

"Basi kimejifungua chenyewe, kikaenda tarawehe."

Watu wakacheka. Bi Zuwena hakucheka, alimtazama nahodha wake. Ame alingoja kicheko kipite, kisha akaniuliza taratibu, "Leo huionji?"

"Nimefunga, nahodha! Unataka nifuturu oili?"

Wakacheka tena.

Dini yangu naijua kiasi hicho. Kuonja kwa ncha ya ulimi kwa haja, ukatema, hakufunguzi. Hata wapishi huonja chumvi ya mchuzi mchana wa Ramadhani. Na kama nilikuwa na wasiwasi, ningeiacha oili kwenye chupa mpaka baada ya magharibi. Ukweli ni kwamba boti nyengine zilikuwa zikinisubiri, mvua inajikusanya, na nilitaka kufika nyumbani kabla ya adhana. Nilikuwa na haraka, nikaipa haraka yangu jina la saumu.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Nilivuta oili yote, nikatia nyengine nyepesi ya kusafishia, nikaizungusha, nikaivuta. Filta mpya, oili mpya, kijiti kikatoka kina rangi ya asali. Kifuniko nikakibana mwenyewe.

"Ile chafu usiimwage," Bi Zuwena akasema. "Nguzo za banda langu la mbuzi zinaliwa na mchwa, nnataka kuzipaka." Nikaitia kwenye dumu, Ame akalichukua begani mpaka kwa Bi Zuwena, Kikwajuni.

Sikukuu ya pili, jua lilikuwa kali. Ame alipeleka watu Changuu, akarudi, akapeleka wengine. Safari ya tatu, anarudi na boti imejaa wanawake na watoto, taa nyekundu ya oili ikawaka. Aliizima injini pale pale, akatia nanga, akawavisha watoto maboya, akaita boti ya jirani ije kuwavuta. Hakuna aliyeumia. Ila walikaa pale wanayumba, watoto wanalia, mama zao wanasoma dua wanazozijua, na waliposhuka Shangani hapakuwa na mtu mjini asiyekuwa na habari.

Waliniita. Nilipochomoa kijiti, maziwa tena. Nikagusa kifuniko: kimebana kama nilivyokiacha, na mvua haikunyesha tangu siku ile. Sikuhitaji kuonja kitu.

Bi Zuwena alikuwa ameshamwandama Ame kwa maneno. "Fundi alikuonyesha kifuniko mbele ya watu! Mbele ya watu, Ame! Na bado! Watoto wa watu, na nguo zao za sikukuu!"

"Bi, kifuniko nimekikuta kimebana, sikukigusa."

"Kimebana kama siku ile kilivyobana? Nipe funguo."

Mnajua maana yake. Nahodha anayesemwa kwamba aliwapeleka watoto baharini na injini aliyoizembea, hapewi boti nyengine Shangani, wala Nungwi, wala popote. Jina lilikuwa linamtoka Ame pale mchangani mbele ya macho yangu, na aliyelilegeza ni mimi.

Nikasema, "Bi Zuwena, kosa si la Ame. Ni langu. Haya ni maji ya bahari, na yalikuwamo tangu siku ile. Mimi ndiye sikuyaona."

Alinigeukia na uso ukamlainika. "Fundi, nnakujua moyo wako. Unamsitiri mwenzio, na sitara ni jambo zuri. Lakini si kwenye roho za watoto."

"Simsitiri, Bi. Nnakwambia ilivyokuwa."

"Fundi muungwana huyu," akasema mmoja nyuma yangu.

"Wa zamani hao," akajibu mwengine. "Yuko radhi kujiharibia jina."

Mzee mmoja akanipiga piga bega, akaniombea dua. Kila nikishikilia kwamba nimekosa ndivyo nilivyozidi kusifiwa. Katika umri wangu wote sijapata kusifiwa kama siku niliyokuwa nikiwaambia watu kwamba nimeharibu mashine. Ame alinitazama, akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya ukingo wa boti, akachukua mkoba wake, akaenda zake Darajani kutafuta gari ya kwao.

Watu wakatawanyika. Nilibaki nimekaa kwenye ukingo wa boti mpaka maji yakajaa, yakanifika kwenye vifundo vya miguu. Kisha nikachukua pampu yangu nikaenda Kikwajuni.

Bi Zuwena alikuwa uani, bado na kanga ya mtoko.

"Lile dumu la oili, Bi, ulishalitumia?"

"Nitumie lini, na sikukuu hii? Lipo bandani."

"Limeguswa?"

"Na mbuzi labda."

Nikamwomba asilitikise. Nikateremsha mrija taratibu mpaka chini kabisa ya dumu, nikavuta kidogo kidogo kwenye gilasi. Yakaja kwanza maji ya kijivu, machafu, kisha oili ikafuata ikakaa juu.

"Oili hii," nikamwambia, "ilitoka kwenye mashine kabla ya sikukuu. Ame aliileta hapa mbele ya macho yako, na ilikuwa kwako muda wote. Kama maji haya ni ya mvua, niliyosema siku ile ni kweli na Ame ana makosa. Kama yana chumvi, basi bahari ilikuwa ishaingia ndani ya mashine kabla sijafunga filta, na kwenye kifuniko haipiti, kifuniko kimo ndani ya sanduku. Mimi ukinisikiliza tu huniamini. Onja."

"Nionje oili, fundi?"

"Maji yake. Ncha ya ulimi. Hapa mjini nani anaijua chumvi kuliko wewe?"

Alinitazama kama aliyetaka kunifukuza. Kisha nikavuta tena maji ya chini peke yake, akachovya kidole cha shahada, akagusa ulimi, akakunja uso, akatema kwenye mfereji. Akachovya tena. Safari hii hakukunja uso. Alisimama kama anavyosimama juu ya sufuria.

"Imezidi," akasema.

"Naam, Bi."

"Na kwa nini wewe hukuonja?"

"Nilisema nimefunga."

Akaweka gilasi chini. "Mie mwezi mzima nnaonja mchuzi wa watu na kutema, na saumu yangu ninayo. Weye umeshindwa na tone moja?"

"Sikushindwa. Nilikuwa na haraka."

Afadhali angenigombeza. Alikwenda kunawa mikono, akakaa huko muda mrefu kuliko mtu anayenawa, akarudi akasema, "Kesho asubuhi tunakwenda Makunduchi sote wawili. Wewe ulimwaibisha mbele ya watu, na mie nikamfukuza mbele ya watu."

Ame alitupokea vizuri, tukaletewa chai na mkate. Bi Zuwena alimweleza juu ya gilasi, akamwomba radhi. Mimi nikamwomba radhi. Ame alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikieni," akasema. "Lakini kwetu hapa hakuna aliyenicheka. Mlinicheka Shangani."

Kwa hiyo tulirudi naye Shangani. Siku ya mwisho ya sikukuu, manahodha wote wamo ufukweni, nilisimama karibu na boti ile nikasema niliyoyasema: kwamba maji yalikuwa ya bahari, kwamba Ame aliniuliza kama naonja nikamfanyia mzaha, kwamba kifuniko kilichozunguka hakikutosha kuwa ushahidi. Wengine walianza tena, "Fundi muungwana." Bi Zuwena akawakata kauli.

"Hapana uungwana hapa. Nimeonja kwa ulimi wangu. Kakosea."

Hapo ndipo waliponiamini. Akamrudishia Ame funguo mkononi, watu wakitazama. Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ile ile. "Na wewe, fundi, nimekusamehe mbele ya Mungu. Lakini mashine yangu usiiguse tena."

Mashine ilipofunguliwa, kimkebe chenye mirija, ambamo maji ya bahari hupita kuipoza oili, kilikuwa kimetoboka, upenyo mdogo kama wa sindano. Kipya nilikinunua mimi. Alikifunga fundi mwengine, akabadilisha na beringi, nami nilisimama mbali. Alifunga vizuri. Nilipoona anakaza filta kwa mkono tu, nilishusha pumzi.

Tangu hapo nilibadilisha oili katika boti nyingi, na nyinyi mmeniona: Ramadhani na isiyo Ramadhani, chupa inakaa, maji yanatuama, ulimi unatoka. Siwaambieni mjidharau. Fundi asiyejiamini huharibu vingi zaidi, mkono wake hutetemeka kwenye nati. Ninachosema ni hiki: ukikuta kosa limekaa mbele yako limepangwa vizuri, na mwenye kosa amesimama hapo hapo ni mtu mpole, ingojee chupa ituame.

Nilipokuwa nikikusanya vitu vyangu ili niondoke karakana, Ame alikuja kuniaga. Bado ni nahodha wa boti ile. Alikaa juu ya dumu, akanitazama nikifuta spana moja moja, kisha akauliza jambo ambalo miaka yote hiyo hakuliuliza.

"Siku ile Shangani, waliposema unanisitiri. Ungenyamaza tu, ingekwisha."

"Ingekwisha."

"Ulifikiria kunyamaza?"

Ningeweza kumwambia hapana. Angeniamini, kila mtu angeniamini.

"Nilifikiria," nikasema. "Nilifikiria mpaka maji yakajaa."

Ame aliitikia kwa kichwa pole pole, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Akainuka, akafuta suruali yake.

"Kesho nnapeleka watu Changuu," akasema. "Njoo, ukae karibu na sanduku la mashine uisikilize. Bi hatosema kitu. Usiiguse, uisikilize tu."

Nilikwenda. Njia nzima nilikaa karibu na sanduku, mikono nimeiweka nyuma.